Maji ya Manjano Yaliyonila Mguu

Wenzangu, kabla ya mambo haya nilikuwa winga wa timu ya Kidato cha Pili, na mdomo wangu ulikuwa na mbio kushinda miguu. Likizo nilifanya kazi kwa mjomba wangu hapa Busia. Alikuwa anang'arisha rimu za baiskeli za boda boda kwa dawa ya kromu.

Maji ya kusuuzia rimu yalikuwa manjano kama mkojo wa mgonjwa. Hatukuyamwaga hivyo hivyo. Tuliyakusanya kwenye shimo la saruji, tukatia asidi kidogo na unga mweupe, tukakoroga mpaka yageuke kijani. Halafu chokaa, uchafu uzame, maji safi yatolewe.

Siku moja mti wa kukorogea ulivunjika. Mjomba alikuwa Malaba. Nikakunja suruali nikaingia, nikakanyaga vile tunavyokanyaga udongo wa kukandika nyumba ya nyanya kule Busibwabo. Kazi ikaisha upesi, kwa hivyo nikafanya hivyo wiki nzima.

Mahali miiba ilikuwa imenichoma pakatoboka. Mashimo ya mviringo, kingo ngumu. Hayakuuma sana, basi nikapachika punje za mahindi ndani kuchekesha watoto wa jirani. Wiki iliyofuata mguu wa kulia ulivimba, ukatoa usaha, ukanuka mpaka mimi mwenyewe nikageuza uso. Homa ikaniangusha.

Hospitalini mjomba aliniinamia. "Sema ni funza. Wakijua ni yale maji, watanifungia karakana."

Nikasema funza. Wauguzi wakachokora, mashimo yakazidi. Ijumaa daktari akagusa juu ya kifundo.

"Jumatatu kama hakuna mabadiliko, tunakata hapa."

Jumamosi nikamwambia ukweli. "Daktari, ni maji ya kromu. Niliyakanyaga."

"Juzi ulisema umeng'atwa na kiboko wa ziwani kule Rukala."

Kweli nilisema, kwa mzaha. Wodi nzima ikacheka, hata mzee wa kitanda cha pili ambaye alikuwa amekatwa mguu wake. Nikalia, wakadhani naigiza.

Mama peke yake hakucheka. "Wewe, unanidanganya?"

"Mama, wanakata mguu."

Akaondoka kwenda kwa kaka yake. Sijui waliambiana nini. Alirudi na chupa ya soda imejaa maji ya manjano, mjomba nyuma yake, macho chini.

"Daktari, funza wake ni hawa," Mama akasema.

Daktari akainua chupa dirishani. "Alisimama ndani ya haya?"

"Wiki nzima," mjomba akajibu.

Wakaacha kuchokora. Waliosha, wakakata nyama iliyokufa, wakapaka dawa nyingine asubuhi na jioni. Jumatatu walichukua vidole viwili tu. Mguu ukabaki. Miezi miwili nikajifunza kutembea upya, nikishika ukuta.

Namshukuru Mungu, na Mama aliyeniamini siku ambayo hata mimi nisingejiamini. Ninyi mnaofanya kazi kwenye maji kama yale, vaeni buti, na mti ukivunjika tafuteni mwingine. Ukiugua, mwambie daktari ukweli siku ya kwanza, mizaha wapelekee wanaokuja kukuona. Mjomba nimemsamehe, ila polepole, kwa huu mwendo wangu.