Ufunguo wa Chumba cha Watoto

Wifi yangu ndiye aliyenitoa Kabungu. Alikuja likizo kutoka shamba la chai kule nyanda za juu, ameng'aa, akakaa jikoni kwa mama mkwe akatuambia kazi ipo na watoto wana chumba chao, chenye mlezi na uji wa moto. Mume wangu angepinga vipi? Ni dada yake mkubwa. Nikambeba mwanangu, hata mwaka hajafikisha, tukaenda na wifi kupanda basi Mpanda, mume wangu akabaki.

Chumba kilikuwepo, sikatai. Kimepakwa rangi ya njano, kimechorwa twiga ukutani, na mlangoni kina kufuli. Kilifunguliwa wakija wageni. Siku nyingine zote mgongo ulikuwa wa kikapu cha majani, na mtoto unamlaza juu ya kiroba mwisho wa mstari wa michai, kwenye ukungu na umande. Sisi wa Katavi tumezoea jua. Baridi ile ilimwingia mwanangu kifuani, akaanza kukoroma kama mzee.

Akina mama tukakubaliana kusema, chumba kifunguliwe kila siku. Tukamchagua wifi awe mwakilishi wetu, maana alikuwa mwenyeji na hakumwogopa nyapara. Mimi ndiye niliyempigia kampeni, tena kwa mdomo mpana.

Wakaja wanunuzi wa chai kutoka ng'ambo, kukagua haki za wafanyakazi na hali ya familia zao. Tukakusanywa kwenye banda la kupimia majani. Mama mmoja wa wale wageni akauliza, kupitia mkalimani, kama watoto hukaa chumbani kila siku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilisimama, kikashika kipaza sauti.

"Chumba kipo, tena kizuri," wifi alisema. "Ila sisi watu wa kule kwetu, mila yetu mama hamwachii mtu baki mtoto. Wenyewe ndio hatutaki. Wifi yangu huyu hapa, muulizeni."

Mgeni akanigeukia. Kwetu, siku ya kuingia ukweni, mama mkwe anakuketisha chini anakufunda: dada mkubwa wa mumeo ni kama mumeo, humpingi mbele ya wageni, ukiwa na neno unalisubirisha mpaka mfike nyumbani. Wifi alikuwepo nilipofundwa, ameketi pembeni anaitikia. Alijua kabisa nitafanya nini. Niliinamisha kichwa. Yule mama akatabasamu, akatushukuru kwa kuienzi mila yetu. Nilitamani ardhi inimeze, halafu immeze na wifi.

Wiki hiyohiyo akafanywa mlezi wa chumba na kukabidhiwa ufunguo. Nilimfuata mlangoni na neno langu nililolisubirisha. Kitinda mimba wake alikuwa ndani, amelala kwenye godoro, amefunikwa blanketi.

"Nyie mna haraka sana," akaniambia. "Mambo ya kampuni yanaenda polepole."

"Basi mfungulie huyu mmoja tu. Ni mtoto wa mdogo wako, wifi. Ni damu yenu."

"Nikimfungulia wako, wote watakuja."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningejua nimegombana na mtu. Alisema kama anayenieleza njia ya dukani, kisha akarudisha mlango.

Nimonia ilimlaza mwanangu hospitali. Alipopata nafuu sikurudi shambani, nilikuja naye moja kwa moja nyumbani Kabungu. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Sikujua simu imenitangulia.

Mama mkwe alinipokea vizuri, akaninawisha, akaniletea ugali na dagaa. Akangoja nimalize kula.

"Wifi yako ametueleza," akasema. "Wageni walikuuliza wewe mwenyewe, mbele ya watu, ukanyamaza. Sasa mwanangu, si ungesema tu?"

Mume wangu alikuwa amempakata mtoto, anamsugua kifua, naye akanyanyua macho kusubiri jibu langu.