Vitunguu vya Mama Mayai

Dada yangu alipika mayai kwenye mgahawa ule kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuketi humo akanywa chai kama mteja. Kisha kwa wiki mbili aliketi kila asubuhi, na mimi nikaketi naye, maana nyonga yake imegoma na anahitaji bega la kuegemea. Nani mwingine angejitolea? Watoto wake wana kazi. Mimi, kwa hesabu yao, sina.

Daktari alimkataza kusimama jikoni. Mwenye mgahawa, ambaye dada anamjua tangu anatambaa chini ya meza zilezile, akatoa ahadi: mpishi mpya ajaribiwe wiki mbili. Wateja wakilalamika, dada atarudi, atawekewa kiti kirefu mbele ya jiko, apike ameketi. Wasipolalamika, basi, akapumzike nyumbani. Dada alikubali haraka mno, nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe aliniambia njiani siku ya pili. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha yule binti, mpishi mpya, na alimfundisha kila kitu isipokuwa vitunguu. Vitunguu vya dada hutangulia vyenyewe kwenye kikaango, moto mdogo, vimefunikwa, mpaka vilegee na kuwa na rangi ya kahawia. Ndipo mayai yanamiminwa juu. Binti wa watu aliambiwa avikatekate tu, avichanganye vibichi na mayai, akaange.

"Umemfanyia hila mtoto wa mwenzio," nilimwambia.

"Hila gani? Sijamaliza kumfundisha, basi."

Asubuhi ya mwisho ya zile wiki mbili tulifika viti vingine bado viko juu ya meza. Dada hakuwa amelala vizuri, na akikosa usingizi anayeteseka ni mimi. Chai ya moto mno. Chai imepoa. Kwa nini nakunywa kwa kelele? Meza inayumba, kana kwamba nimeiyumbisha mimi. Nilikunja ndita nikanyamaza, maana ningefungua mdomo tungegombana mbele za watu.

Mpaka siku hiyo hakuna mteja aliyelalamika hata kidogo. Dada alisema hao wanakula huku macho yako kwenye simu, ukiwapa sponji watatafuna. Yeye alikuwa anamngoja kinyozi. Kinyozi amekula hapo tangu enzi ambazo naye alikuwa na nywele, na ndiye aliyembandika dada jina la Mama Mayai. Kila asubuhi alikuwa akichungulia dirisha la jikoni na kupaza sauti: "Mama Mayai, siku ukiacha kazi na mimi naacha kula!" Wiki mbili hizo alikuwa amesafiri kumwona mjukuu mpya. Siku hiyo alirudi.

"Mama Mayai! Leo wewe ndiye mgeni rasmi?" alisema, akaketi meza ya jirani.

Mayai yake yakaletwa. Dada alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikaniuma. Kinyozi alikula huku akisimulia meno mawili ya mjukuu, na vitunguu vibichi vikilia kinywani mwake, nasi tukivisikia. Akapangusa sahani kwa mkate, akainua mkono. Dada akajiinua nusu.

"Niongezee mengine!" kinyozi alimwita mwenye mgahawa, kisha akatugeukia. "Binti umemfundisha, Mama Mayai. Ni yaleyale kabisa!"

Nilitaka kumbamiza na ile sahani, kwa kweli. Miaka thelathini na mmoja ya kusifu, kumbe mtu alikuwa anasifu tu! Mwenye mgahawa naye alimtazama dada kwa huruma, huruma ile inayotia hasira.

Dada akashika bega langu, tukaingia jikoni.

"Mwanangu," alimwambia mpishi mpya, "kuna kitu sikukufundisha. Vitunguu."

"Vinatangulia, mama, moto mdogo," binti alijibu, mikono haikusimama. "Nilikuona siku niliyokuja kuomba kazi. Nilipika hivyo siku tatu za mwanzo, mwenye mgahawa akasema nawachelewesha wateja."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nafikiri hata nilikuwa nautaka. Dada akasema, "Mimi sina haraka. Nipikie hivyo."

Binti akaweka kikaango cha pili. Dada alisimama pale dakika zote hizo, daktari au si daktari, mwenye mgahawa akiulizia sahani za meza ya tatu, binti akimjibu zinakuja.

Tulirudi mezani. Dada akaonja mara moja, akaacha kutafuna. Nikamuuliza yakoje. Akanisogezea sahani. Nikachota kidogo kwa kijiko changu. Yalikuwa matamu kuliko yake. Naye alijua, na alijua kwamba na mimi nimejua, akaivuta sahani upande wake, akala mpaka ikabaki nyeupe. Aliponyanyua uso alikuwa analia.

"Kesho usije kunichukua," alisema.

Wiki mbili nzima nilikuwa nikitamani kusikia maneno hayo. Niliposikia, nikatamani kumzaba mtu kofi, wala sijui nani.