Siku Tatu za Fundi Kaa Juu ya Sakafu

Hotelini walimwita Fundi Kaa. Kila siku maji yakianza kupwa alivaa kaptura yake ya khaki, akajifunga mkanda wa spana kiunoni, akashuka ngazi ya nyuma na kupotea chini ya nyumba. Nyumba zenyewe zilikuwa ishirini na nne, zimejipanga pande mbili za daraja refu la mbao lililotoka ufukweni na kuingia kwenye maji ya kijani yaliyokingwa na miamba. Kila moja ilisimama juu ya nguzo kumi na mbili. Huko chini alikwenda upande-upande kati ya nguzo, akigonga, akisikiliza, akikwangua makombe yaliyoganda kwenye mbao, akikaza kilicholegea. Aliyemwona kwa mbali hakuhitaji kuuliza jina limetoka wapi.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Alianza kama mbeba mbao nyumba ya kwanza ilipokuwa inajengwa, na wajenzi walipoondoka yeye akabaki. Wageni aliwajua kwa nyayo zao: huyu mzito wa kisigino, yule anayetembea kwa vidole kama anayenyatia panya. Walichokidondosha majini, iwe hereni, miwani au pete, alikiokota mchangani, akakifunga kwenye kitambaa safi na kukipeleka mapokezi, bila kusubiri hata asante. Siku moja alikuwa anasugua kioo kilichowekwa sakafuni ili wageni watazame samaki, akamkuta mtoto amelala kifudifudi upande wa pili, pua imebanwa kwenye kioo. Mtoto akapunga mkono. Fundi naye akapunga spana. Zaidi ya hapo, maisha ya juu ya sakafu hakuyajua, wala hakuwahi kuyaonea wivu.

Mambo yalianzia nyumba namba tisa. Wageni walianza kulalamika kwamba kuna mtu anawagongea mlango. Anagonga kwa adabu, ko, ko, ko, kisha kimya. Wakifungua, hakuna mtu. Bibi na bwana waliokuja fungate walihama siku ya pili. Waliofuata, wazee wawili wapole, walifungua mlango mara sita asubuhi moja, mwishowe wakauacha wazi na kelele zikaendelea vilevile. Msafishaji mmoja wa vyumba akasema yeye peke yake mle haingii tena, na usimuulize kwa nini.

Akaitwa mhandisi kutoka nje, akaja na vyombo vyake na kukaa chumbani alasiri nzima. Hakusikia kitu. Fundi Kaa mwenyewe alikagua chini mara nne, nguzo baada ya nguzo, akakuta kila kitu kimekaza kama jino. Lakini mgeni akiingia tu, ko, ko, ko.

Meneja wa hoteli alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Aliwaita wote ofisini. Mhandisi akashauri sakafu yote ing'olewe. Meneja akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango ili asiloweshe zulia.

"Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake," Fundi alisema. "Sisi wote tunaikagua ikiwa tupu, na anayesikia ni mgeni. Basi mtu aishi mle kama mgeni, aone."

Meneja aliuliza ni mtu gani huyo. Fundi akajibu kwamba ni mtu anayezijua mbao zile. Halafu, huku akitazama vidole vya miguu yake, akaongeza kwamba wageni kwa kawaida huwa wawili.

"Chukua siku tatu," Meneja alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Njoo na mkeo. Na spana ibaki mlangoni."

Mkewe aliitwa Mama Pacha na mtaa mzima, ingawa pacha wenyewe walikuwa wanawake wazima na nyumba zao. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mashine yake ya kukanyaga ilikaa dirishani palipo na mwanga. Fundi alipomweleza habari ile, hakuondoa mguu kwenye pedali mpaka pindo lilipofika mwisho. Ndipo akakata uzi kwa meno na kusema, "Yaani leo Kaa kaambiwa akae."

Alikubali, ila kwanza amalize sketi kumi na sita alizoahidi. Miaka yote ile mumewe aliondoka asubuhi kwenda hotelini na kurudi na chumvi kwenye nyusi, naye hakuwahi kukanyaga kule. Binti zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamletea nguo ya kuogelea. Mama Pacha aliitazama mbele na nyuma, akakiri kuwa mshono ni mzuri, akaitia chini kabisa ya mkoba.

Siku ya kwanza mpokea mizigo, ambaye kila siku hunywa chai na Fundi nyuma ya jiko, alimnyang'anya mkoba. Fundi akauvuta. "Leo wewe ni mgeni, mzee wangu," mwenzake akamnong'oneza. "Usiniharibie kazi." Basi wakaongozana darajani, Fundi akitembea kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi, na Mama Pacha mbele yake akitembea kama mwenye hoteli.

Ndani kulikuwa na kitanda ambacho familia nzima ingelala bila kugusana, na mlango mpana wa kioo uliofunguka kwenye kibaraza na ngazi ya kushukia baharini. Taulo zilikunjwa kwa ustadi mpaka ukaona haya kuzitumia. Kando ya dirisha la bafuni paliwekwa hodhi la kuogea lililochongwa kwa jiwe la kijivu, refu kama mtumbwi. Mama Pacha alizunguka polepole, akagusa kila kitu. Akapindua upindo wa pazia. "Aliyeshona hili alikuwa na haraka," akasema, lakini alilirudisha kwa upole.

Siku hiyo Fundi hakuweza kabisa kuwa mgeni. Alitambaa kwa magoti na sikio sakafuni. Alitandika kitanda mwenyewe, na msafishaji alipokuja akakuta kazi imeshafanywa, akalalamika kwamba atafukuzishwa kazi. Alioga haraka kwa ndoo, maji yasije yakapotea bure. Kelele hazikuja. Kesho yake asubuhi vilevile, kimya. Fundi akaanza kujilaumu kwa kumpotezea Meneja muda, na chakula kizuri kikawa hakishuki.

Mama Pacha alimvumilia mpaka walipokunywa chai.

"Baba Pacha," akasema, "wewe hukai, unakagua. Mgeni hakagui. Mgeni anakula, anaoga, analala. Hebu kaa pale nje, weka miguu juu ya kiti, uniache mimi niwe mgeni."

Akaingia bafuni, akafungua bomba. Hodhi lile lilichukua karibu robo saa kujaa, naye alilijaza mpaka ukingoni, akamimina sabuni yote iliyokuwa kwenye kichupa, akazama mpaka shingoni. Baada ya muda Fundi alimsikia akiimba wimbo aliozoea kuwaimbia pacha walipokuwa wachanga. Alikuwa hajausikia kwa miaka thelathini. Akatulia na kikombe chake, akayatazama maji yakipwa, na kwa mara ya kwanza akasahau kilichomleta.

Ko, ko, ko.

Fundi Kaa aliruka, akavuka chumba mbio na kufungua mlango. Darajani hapakuwa na mtu. Akabaki ameshika kitasa, akajicheka kimyakimya: miaka ishirini na miwili, na yeye naye amekwenda kumfungulia ubao mlango.

Bafuni mkewe alikuwa ameinua kidole kimoja juu ya povu. "Usitembee. Sikiliza," alisema. Ikagonga tena. "Hicho hakijavunjika, kimelegea. Cherehani yangu ikilegea skrubu ya mguu hulia hivyohivyo. Na hailii kwa kitambaa chepesi. Hulia nikiweka kizito."

Fundi akalitazama hodhi lililojaa, akamtazama na aliyekuwamo. Mhandisi alikuja peke yake, hakuoga. Yeye mwenyewe alikagua chini wakati juu hakuna kitu wala mtu.

"Usitoke humo," akasema.

"Nilikuwa na mpango wa kutoka?"

Alichukua spana mlangoni na miwani ya kuzamia, akashuka. Safari hii haikumchukua muda. Chini ya bafu boriti ilikuwa imepinda kidogo sana kwa uzito, unene wa ukucha tu, na ule ubao wa mshazari unaoishikilia kwenye nguzo ulikuwa umepata nafasi ya kucheza. Kila wimbi lilipopita, ubao uligonga nguzo. Hodhi likiwa tupu, boriti ilirudi mahali pake na kuubana ubao kimya. Akapapasa bolti kwa kidole. Kati ya nati na ubao hapakuwa na ile pete pana ya chuma ambayo mafundi huiita wosha. Bila wosha, nati ilikuwa imeula ubao mwaka baada ya mwaka, mpaka ikazama karibu yote. Mwaka mmoja zaidi, pengine miwili, na boriti ingeachia.

Alijua ni mkono wa nani. Miaka kumi na mmoja nyuma, baada ya dhoruba, nyumba kadhaa zilikazwa bolti upya kwa haraka kabla wageni hawajarudi. Mfuko wa wosha uliisha jioni, akajiambia atarudi kesho. Kesho ikaja na kazi nyingine, na nyingine juu yake. Hakurudi.

Mama Pacha alimkuta ameketi kwenye ngazi anachuruzika maji. Alikuwa amevaa joho jeupe la hoteli, nywele kafunga kwa taulo. Fundi akamweleza yote, bila kupunguza wala kuongeza. Mkewe hakumbembeleza, hakumkaripia.

"Sasa?" aliuliza.

"Nikitia wosha leo na kukaza, itanyamaza. Hakuna atakayejua."

"Hilo nimesikia. Sasa?"

Fundi alinyanyuka vilevile alivyolowa, akapita darajani mbele ya wageni, akaingia ofisini na safari hii akakanyaga zulia. Mhandisi alikuwapo. Fundi akasema chanzo cha kelele kimepatikana, na kosa ni lake, si la mvua wala la bahari. Akaeleza kuhusu ile jioni ya mfuko ulioisha. Kisha akasema siku ile alikaza bolti za nyumba nyingine tano, akazitaja namba zake moja baada ya nyingine, akaomba mtu yeyote asijaze hodhi katika nyumba hizo mpaka azipitie.

Meneja akaweka kalamu chini. "Ungeweza kuikaza ukanyamaza, Fundi."

"Ningeweza," akajibu. "Lakini juu ya mbao zile wanalala watu."

Mhandisi, ambaye siku zote alimsalimia kwa kidevu tu, alisimama akampa kiti.

Meneja alipiga simu, wageni wa nyumba tano wakahamishwa kabla ya chakula cha mchana. Halafu akamwandikia Fundi barua ya onyo, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, na Fundi akaisaini. Alipouliza kama sasa aende akafungashe mizigo yake namba tisa, Meneja alimwambia bado ana siku moja. "Ni kazi," alisema. "Nataka kujua kama imenyamaza."

Basi akaikaza siku ileile, akatia wosha mbili badala ya moja. Siku ya tatu Mama Pacha akalijaza hodhi tena, kwa ajili ya kazi, na wala hakuna aliyembishia. Kimya kabisa. Fundi alikaa kibarazani, miguu juu ya kiti bila kuambiwa. Alasiri akajilaza kitandani juu ya shuka, akasema anajaribu tu ugumu wa godoro. Alilala saa tatu kinywa wazi. Mkewe alimfunika miguu, akaketi sakafuni kando ya kioo, akitazama samaki wa milia wakipita katikati ya nguzo ambazo mumewe alizitunza miaka yote ile. Nguzo zilikuwa safi, zimenyooka. Alikuwa hajajua kuwa kazi ya mumewe ni nzuri kuitazama. Mumewe alipoamka alimwambia hivyo, kwa maneno machache, na Fundi hakujua aangalie wapi.

Katika zile nyumba tano, mbili zilikutwa na upungufu uleule. Alizimaliza kwa wiki moja.

Lakini hakuishia hapo. Msimu ulipokaribia alirudi kwa Meneja na wazo: kila mwaka, kabla wageni hawajaja, kila nyumba ikaliwe siku mbili na watu wawili wenye kula, kuoga na kulala. Meneja aliuliza watapatikana wapi watu arobaini na wanane wasio na haraka. Fundi akasema wapo, wanafua, wanapika, wanafagia daraja, nao wana wake na waume. Meneja alifikiri siku tatu. Akakubali.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Dobi amekwenda na mumewe, mpishi na mkewe, na hata yule msafishaji aliyeiogopa namba tisa aliiomba yeye mwenyewe. Kila mmoja hupewa na Fundi Kaa daftari la shule na kalamu, aandike atakachosikia, naye husoma kila ukurasa. Mwaka huu mke wa mtunza bustani, mama wa watoto saba, alilala siku zote mbili, akaamka kula tu. Alirudisha daftari likiwa jeupe, akaomba radhi. Fundi aliufungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwa herufi kubwa: Nyumba hii ni tulivu sana.