Usukani wa Mzee Achia

Baba yangu mkubwa alifundisha udereva kwa miaka thelathini na minne ndani ya gari moja, na neno lililomtoka kinywani kuliko yote lilikuwa "achia." Achia klachi. Achia taratibu. Achia, mwanangu, haikuumi. Watoto wa mtaa wakambandika jina la Mzee Achia, kwanza kwa kumtania, baadaye kwa mazoea, na mwishowe hata barua zake zikawa zinakuja kwa jina hilo. Hakukasirika. Alisema heri jina la kazi kuliko jina la umbo, huku akimtupia jicho jirani yetu aliyeitwa Tumbo.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye pua ndefu na viti vya plastiki vilivyong'ang'ania mapaja siku za jua. Usukani wake ulikuwa mkubwa, mwembamba, wenye mikono miwili tu ya kuushikilia katikati, mmoja huku na mmoja kule. Ndani kulinukia petroli na peremende, maana mwanafunzi aliyetetemeka alipewa peremende kabla ya somo lolote kuanza. Mimi nilipewa mbili. Sasa naelekea miaka hamsini, nina gereji yangu, nimelala chini ya magari nisiyoweza kuyahesabu, lakini harufu ile nikiikumbuka moyo unalainika kabisa. Wateja wangu hawalijui hilo na sina mpango wa kuwaambia.

Yeye ndiye aliyeniweka kwenye ufundi. Wakati watu wanauliza msichana atafanya nini na spana, Baba Mkubwa alikuwa ananiita kila gari lake likikohoa. "Njoo usikilize," ananiambia, tunafungua boneti, tunainamisha vichwa, tunasikiliza. Mara nyingi hata yeye hakujua ugonjwa ni nini. Alitaka tu niwe pale.

Mwaka huu usukani ule ukapasuka. Jua la miaka mingi lilikuwa limeshautia nyufa, naye akawa anazifunga kwa utepe mweusi wa umeme, juu ya utepe mwingine, mpaka ukawa na vifundo kama muwa. Siku moja kipande kikamkata kiganja. Mama Mkubwa alipokuwa anafua akaona damu kwenye mkono wa shati, na ndipo mambo yalipoanza.

Mama Mkubwa alikuwa amesubiri sababu siku nyingi. Mumewe ana miaka sabini na minane, na kila akitoka na gari, yeye hakai mpaka asikie mlio wake umerudi. Tukiwa mezani, mimi nikiwepo kama shahidi asiyeombwa, akamwekea masharti.

"Tengeneza huo usukani, sikukatazi. Ukishatengenezwa, utatoka getini, utazunguka mtaa, utarudi. Ukigusa kitu chochote, hata jani, ufunguo ni wangu."

"Ng'ombe hazeeki maini," akajibu Baba Mkubwa.

"Maini sina wasiwasi nayo. Nina wasiwasi na macho."

Tulicheka wote watatu, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Mwalimu mwenzake aliyestaafu pamoja naye alinyang'anywa gari na wanawe, na kabla mwaka haujaisha alikuwa hatoki tena hata barazani. Nilimwona kwa macho yangu akififia. Baba Mkubwa bila gari lile sikuweza kumfikiria, na sioni aibu kusema kwamba niliogopa.

Usukani mpya wa aina ile haupatikani dukani. Kuna jamaa walinishauri nimfungie mdogo mnene wa ngozi, wa kisasa. Niliwaangalia tu, nikaondoka. Nilizunguka kwenye makaburi matatu ya magari, na kwenye la tatu nikakuta ndugu wa gari letu amezama kwenye majani, mti umeota katikati ya sakafu na kutokea dirishani. Mwenyewe aliyeliacha alikuwa ameuviringisha usukani kwa shuka kuukuu. Nilipofunua, ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Niliuketisha mapajani njia nzima nikirudi, utadhani mtoto anayetoka kliniki.

Kazi niliifanya uani kwao, asubuhi ya Jumamosi. Nikachomoa waya wa betri, nikabandua kifuniko cha honi, nikalegeza nati. Sasa, usukani hukaa kwenye chuma chenye meno madogo kuzunguka pande zote, na kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutia alama ya rangi kabla ya kuutoa, ili mpya ukae palepale ulipokuwa wa zamani. Alama nikaitia. Halafu nikaona kitu kilichonikera. Magurudumu yalikuwa yamenyooka sawasawa, lakini usukani ulikuwa umelala upande, mkono mmoja juu, mwingine chini. Umepishana na mahali pake kwa meno mawili.

Nikamlaani fundi aliyefanya uchafu ule, yeyote awaye. Nikasema moyoni, mzee wa watu ameendesha gari limepinda miaka yote hii na hana wa kumwambia. Basi nikaupachika ule mpya umenyooka kabisa, nikakaza nati, nikajipongeza. Sikumuuliza mtu. Nilitaka iwe zawadi.

Baba Mkubwa alitoka amevaa shati la mikono mirefu, lile la siku za mtihani wa wanafunzi wake. Akaupapasa usukani polepole, akatabasamu. Mama Mkubwa akasimama mlangoni na taulo la jikoni begani. Geti lao ni jembamba, gari likipita hubaki upenyo wa kiganja kila upande, na Baba Mkubwa alikuwa akilipita bila hata kutazama nje. Akawasha. Akaushika usukani, akauweka alivyozoea, akaachia klachi.

Gari likaenda moja kwa moja kwenye nguzo.

Halikuwa pigo kubwa. Lilikuwa mkwaruzo, mrefu, ambao wote tuliusikia mpaka mwisho. Akazima. Akarudi nyuma kidogo, akanyoosha, akajaribu tena, na nguzo ikamkwaruza tena palepale. Safari hii alikaa ndani muda mrefu. Aliposhuka, alimwendea mkewe akamwekea ufunguo mkononi bila kuombwa. Mama Mkubwa hakuonyesha furaha yoyote. Aliushika kama kitu cha moto.

"Ulikuwa unasema kweli," Baba Mkubwa akamwambia. "Mimi ndiye sikuwa naona."

Akaenda kuketi kwenye ngazi ya jikoni, akawa anaitazama mikono yake. Nimemwona mzee yule akicheka, akifoka, akisinzia na gazeti usoni. Sikuwahi kumwona mdogo namna ile. Nikaketi kando yake, nikauliza la kifundi.

"Baba Mkubwa, pale kabla hujaondoka, ulijuaje magurudumu yamenyooka?"

"Kwa usukani. Kama siku zote."

"Umeuwekaje?"

Akainua mikono hewani, akashika usukani usiokuwepo. Mkono mmoja ukawa juu, mwingine chini.

Basi ule wangu ulionyooka, akiuweka hivyo, magurudumu yanageukia nguzo. "Nani aliufunga hivyo ule wa zamani?"

"Mimi," akasema, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Mwaka wangu wa kwanza kazini. Kulikuwa na mwanafunzi, mwalimu wa hesabu, akatupeleka ukutani, mkono wangu haukuufikia usukani kwa wakati. Nikaufungua nikaugeuza kidogo, ule mkono wa upande wangu ushuke, niuvute kwa vidole viwili tu. Nikazoea. Kwani kuna nini?"

Kuna nini! Miaka thelathini na minne mji mzima umefundishwa kwenye usukani uliopinda. Ndiyo maana kwetu ukimwona dereva anaendesha bega moja limeshuka, hata gari likiwa jipya, unajua huyo ni mwanafunzi wa Mzee Achia. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka miwili gereji kuliacha bega hilo, na sikuwahi kujua limetoka wapi.

Nikamweleza yote, pamoja na laana nilizompa yule fundi mjinga. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi mjinga ndiye huyu uliyekaa naye," akasema. "Na mjinga wa pili ni yule asiyeuliza."

Nilistahili. Nikaenda kumwomba Mama Mkubwa ufunguo. Alinitazama, akamtazama mumewe pale kwenye ngazi, akasema kwamba hata shuleni kuna mtihani wa marudio. Sauti yake ilikuwa nzito, na niligundua kwamba muda wote ule hakuwa ametaka kushinda.

Nikalegeza nati, nikauvuta usukani, nikaurudisha meno mawili nyuma kwa kufuata alama yangu ya rangi. Umepinda vilevile. Baba Mkubwa akaingia, akauweka usukani alivyozoea, akaachia. Gari likapita getini bila kugusa chochote. Tukalisikia likibadilisha gia pale kwenye kona, likapotea, na mimi na Mama Mkubwa tukabaki tumesimama uani tumetega masikio. Likaja tena, taratibu, likapenya lile geti na kusimama kivulini.

Hakushuka haraka. Alipofungua mlango macho yalikuwa mekundu, lakini uso umetulia.

"Nilitaka kujua tu kama ni mimi au ni usukani," akaniambia. "Sasa nimejua. Haya, fundi, unyooshe."

"Niunyooshe tena? Utaendeshaje?"

"Siendeshi mimi. Leo pale kwenye kona kuna mtoto wa baiskeli nimechelewa sana kumwona. Nguzo ilikuwa usukani. Mtoto ni macho." Akamgeukia mkewe na kumnyooshea ufunguo. "Na mtu wa kuanza kujifunza hawezi kuanzia kwenye makosa yangu."

Mama Mkubwa alitazama nyuma, kana kwamba kuna mtu mwingine amesimama pale. Katika mji ule wote, wauguzi, wauza nyama, wakuu wa shule, hata Tumbo, yeye peke yake hakuwahi kushikishwa usukani wa gari lile.

"Mimi?" akasema. "Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Baba Mkubwa alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa mwalimu, akaketi.

"Nilikuwa nafundisha watu," akasema.