Bi Dobrila Hakumwandika Asiyemwona

Bi Dobrila alichapa tanzia za mtaa wetu kwa karibu miaka miwili, na hakukosea hata moja isipokuwa ile ya kwanza.

Kabla ya vita alikuwa mpiga taipu mahakamani. Waserbia wenzake wengi wa jengo letu waliondoka wiki moja kabla mizinga haijaanza kutupiga kutoka milimani. Wakatuachia funguo, na maagizo ya kumwagilia maua. Yeye akabaki. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Hasnija, taipu hii ina kilo kumi na nne. Wewe ungenibebea?"

Hapa Sarajevo mtu akifa lazima abandikwe ukutani, mlangoni, hata kwenye mti: jina lake, saa ya mazishi, na chini yake orodha ya waliofiwa mmoja mmoja. Ukingo wa kijani ni wa sisi Waislamu, mweusi ni wa Wakristo. Msahau shangazi mtu kwenye orodha hiyo uone, hatakusemesha mpaka na yeye abandikwe. Vita vilipokuja miti tuliikata tukaichoma, magazeti tukayachoma, viatu vya zamani tukavichoma, lakini tanzia hatukuziacha. Watu walipanda kwa Bi Dobrila ghorofa ya pili na kipande cha karatasi, naye akachapa migongoni mwa mafaili ya mahakama. Bakir muuza nyama alibandikwa mgongoni mwa kesi ya wizi wa kondoo. Tulicheka. Mkewe pia alicheka, kisha akalia tena.

Ile tanzia iliyokosea ilikuwa ya Safet kinyozi, majira ya joto ya kwanza. Mtu alikuja mbio akasema Safet kafa kwenye foleni ya mkate. Bi Dobrila akachapa, tukabandika. Mama yake Safet akatoka na ndoo yake, akasoma mlangoni, akaanguka hapo hapo, asiamke. Jioni Safet akarudi kwa miguu yake, bendeji kichwani, akamkuta mama yake amelala kwenye ngazi chini ya shuka.

Tangu siku ile Bi Dobrila akaweka sharti moja: simwandiki nisiyemwona. Kila alipoletewa jina la mtu, alikwenda mwenyewe chumba cha maiti kumtazama. Goti lake moja lilikuwa bovu, na katikati ya njia kulikuwa na njia panda ambayo mdunguaji aliilenga kutoka milimani, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza. Nilihesabu mpaka tatu tukakimbia, yeye akichechemea, mimi nikimtukana. "Kimbia, mama wee! Unadhani uko harusini?"

Mwezi wa pili, majira ya baridi ya pili ya vita, asubuhi ya saa tatu, kombora lilianguka kwenye bomba la maji. Tulilisikia, vioo vichache vilivyobaki vikaisha. Baada ya nusu saa Fadil alipanda ngazi yetu, bunduki mgongoni, damu ya watu wengine mpaka magotini. Dada yake, Mirsada wa ghorofa ya tatu, alikuwa ameketi kwenye ngazi kati yangu na Bi Dobrila. Mumewe Enver, fundi wa shaba, alikuwa amekwenda bombani na madumu mawili.

"Enver kafa," Fadil akasema. "Nimeliona koti lake, lile la ngozi lenye kiraka chekundu. Tunamzika saa kumi na moja, giza likiingia. Bi Dobrila, chapa."

"Umemwona uso?"

"Uso gani? Kichwa hakipo!"

"Basi nitatazama kilichopo."

Fadil akamsogelea mpaka mate yakamrukia. "Ndugu zako huko juu wanatuchinja, na wewe huku chini unatuwekea masharti? Chapa, mwanamke! Au unataka nikuteremshe ngazi kwa nywele?"

"Fadil, funga mdomo, baridi inaingia," nikamwambia. Akanigeuzia macho, lakini mimi nilimvalisha nepi huyo, hanitishi.

Mirsada hakuwa amelia bado. Alishika ukingo wa koti la Bi Dobrila. "Mwandike tu, mama. Mwandike nijue. Nikikaa hivi mpaka jioni nitapasuka."

"Mwanangu, nikimwandika ndiyo basi, umefiwa. Ngoja nikamwone. Nikirudi nitakuambia kwa mdomo wangu."

Akavaa viatu vyake vya mpira, tukatoka.

Chumba cha maiti kilikuwa kimejaa mpaka kwenye korido. Maji ya kuoshea sakafu hayakuwepo, damu ilikuwa imeganda kwa baridi na viatu vilinata. Palikuwa na mwanamke aliyepasuliwa kuanzia bega mpaka nyonga, bado ameshika mpini wa dumu, dumu lenyewe halipo. Palikuwa na miguu mitatu pembeni, haina wenyewe. Koti la kiraka chekundu lilikuwa chini ya dirisha. Juu ya kola hapakuwa na kitu.

Mimi nilirudi mpaka mlangoni. Bi Dobrila alipiga goti zima, akakunja mikono ya koti, akachukua kiganja cha yule mtu kama anayetaka kumsalimia.

"Hasnija, njoo."

"Siji."

"Njoo nakwambia! Enver alikatwa ncha ya kidole na mkasi wa bati, sivyo? Hiki cha shahada, mkono wa kushoto."

Nikaja. Vidole vilikuwa kumi, vizima, laini, kucha safi. Enver kucha zake zilikuwa nyeusi tangu nimfahamu, hata siku ya harusi.

"Huyu hajawahi kushika nyundo maishani mwake," akasema Bi Dobrila, akainuka kwa kushika ukuta.

Tukapanda hospitali. Tulimkuta Enver kwenye korido, sakafuni, yuko na fulana, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Alikuwa anatukana.

"Koti lako liko wapi, mpumbavu wewe?" nikamwuliza. Nilikuwa nalia kumbe.

"Nilimwazima mtu aliyekuwa nyuma yangu, anatetemeka meno. Alinipa sigara mbili. Nimevuta moja tu, Hasnija. Moja tu!"

Bi Dobrila alimbusu kwenye paji la uso, kisha akatoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Mirsada alikuwa amekaa na kifo kwa saa nne. Tulipofika njia panda nilianza kuhesabu. "Moja..." Hakungoja mbili.

Nilisikia kama kitambaa kinachanwa. Akakaa chini katikati ya barabara, akashika shingo, damu ikamtoka kati ya vidole kwa kuruka. Risasi ya pili ikampiga mgongo akalala. Upande wa pili Fadil alikuwa anatungoja. Akatupa bunduki, akatoka mbio, akamshika kola akamburuta, lami mbele yake ikirushwa vipande vipande. Mimi sijui nilivukaje. Nilipofika alikuwa amekwisha, macho wazi, na Fadil anamziba shingo kwa kofia yake.

Nilipanda ngazi nikipiga kelele, "Yuko hai! Yuko hai!" Mikono yangu ilikuwa myekundu mpaka viwiko. Mirsada akanitazama mikono.

"Nani? Nani yuko hai?"

Kesho yake nilikaa kwenye ile taipu. Mimi nina darasa la nane tu, na ninachapa kwa kidole kimoja. Rangi nyeusi haikuwepo, kwa hiyo ukingo niliupiga kwa herufi X kuzunguka karatasi nzima, asubuhi yote. Uso wake nilikuwa nimeuona, hilo sikudanganya. Orodha ndiyo iliyonisumbua, maana ndugu aliyebaki ni dada mmoja huko Novi Sad, na barua hazipiti. Nikamwandika dada. Kisha Enver, maana alituma neno kutoka hospitali kwamba asipowekwa atarudi kwa mguu mmoja anipige kwa mwingine. Kisha Mirsada, Safet kinyozi, na ngazi yetu yote, ghorofa kwa ghorofa.

Fadil alisimama mlangoni. "Na mimi umeniweka?"

"Karatasi imejaa."

Haikuwa imejaa. Aliiona kama nilivyoiona mimi, akashuka.

Niliipigilia mlango wa chini kwa misumari midogo minne. Siku ya pili yake nikakuta chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa mtoto mtoro: Fadil. Kifutio nilikuwa nacho mfukoni. Nikakiacha humo humo.

Nilikuwa bado nimesimama pale mwanamke wa jengo la jirani akanijia na kipande cha karatasi mkononi.

"Wewe ndiye unayeandika sasa?"

"Yuko wapi?" nikamwuliza. "Ngoja nivae viatu."