Maji Yaliyonuna

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa mtungi wa lita tano tu, mtaa wetu wa pembeni mwa mji wa Wote ulikuwa bado haujajua kama ni mji au ni kijiji. Kulikuwa na ploti za walimu wa kupanga, na kulikuwa na mbuzi waliokula nguo zao kwenye kamba. Mifereji ilikuwepo, tena mizuri. Maji ndiyo hayakuwepo. Kiangazi kikiingia, mwalimu na mchunga mbuzi wote walishuka mtoni kuchimba mchanga, maana mto wetu huficha maji yake chini.

Kwenye kisima tulichochimba mle mchangani kulikuwa na sheria moja, na mwenye kuilinda alikuwa Susu, nyanya yangu mzaa baba. "Maji yana masikio," alituambia. "Mkigombana hapa yananuna, yanaenda." Mtu akipandisha sauti, Susu alikohoa tu, na sauti ikashuka. Mimi niliamini neno kwa neno. Hata kupiga chafya pale niliogopa.

Siku ya balaa Susu alikuwa ameenda Kalamba kumwona dadake. Foleni ilikuwa ndefu na mama yangu alikuwa na haraka, kwa sababu alikuwa akipika chai na maharagwe sokoni, na bila maji hapiki. Mama Kioko, fundi cherehani jirani yetu, akasukuma mtungi wake mbele ya wetu.

"Mama Nduku, mimi nililala hapa," akamwambia mama.

"Ulilala kwako. Mtungi ndio ulilala hapa."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Wale wawili wakatupiana maneno mpaka wakafika kwa wazazi wao, ambao walikuwa hawajamkosea mtu. Mtungi ukapigwa teke. Mimi nilikuwa nimekodolea maji macho, nikiyaomba kimoyomoyo yasisikie.

Asubuhi yake kisima kilikuwa kikavu.

Mtaa haukuhangaika kutafuta wa kulaumiwa. Mama Kioko alikuwa mzaliwa wa hapo na mwanakwaya. Mama yangu alikuwa ameolewa kutoka Zombe, huko Kitui, na lawama humjua mgeni. Watoto wenzangu waliniambia, "Mamako amefukuza maji." Sokoni watu wakaanza kuipita meza yake kama hawaioni. Kisha nikamsikia baba akimwambia kwa upole kwamba labda akapumzike kwao Zombe, mpaka mvua inyeshe. Jirani yetu mmoja alikuwa amepelekwa kwao kupumzika hivyo hivyo, na hakurudi tena. Nililia nikiwa nimeuma shuka.

Susu aliporudi hakumgombeza mtu. Alichukua jembe, karai na kata moja ya kibuyu, akawaita mama na Mama Kioko mtoni, na mtaa ukawafuata.

"Walionuniwa na maji ndio watakaoyaomba msamaha," alisema. "Mtachimba ninyi wawili, asiwasaidie mtu. Na yakitoka, mtakunywa kata hii moja."

"Susu, mimi ni mtu wa kanisa," Mama Kioko akasema. "Mambo ya kuomba maji msamaha siyawezi."

"Na huko kanisani hamfundishwi kusameheana?"

Mama Kioko akashika jembe.

Mmoja alichimba, mwingine akapokea karai na kumwaga mchanga mbali, kisha wakapokezana. Mama Kioko alipokuwa amezama mpaka mabegani, ukingo ukaporomoka na mchanga ukamfunika hadi kifuani. Kabla sisi hatujapiga kelele, mama alikuwa amelala kifudifudi, amemshika mikono yote miwili. Akamvuta mpaka akatoka, wakaanguka pamoja, wanahema.

"Sasa ndiyo umelala hapa," mama akasema.

Mama Kioko alicheka mpaka akatoa machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Mama akashuka shimoni. Baada ya muda karai likapanda na mchanga mweusi, kisha mchanga unaodondoka maji, kisha tukamsikia mle ndani akisema polepole, "Yamekuja."

Walikunywa kata moja. Vigelegele vya siku ile nilikuwa sijavisikia hata harusini. Tulipanda na mama kupitia katikati ya soko, mtungi mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, na nyuma yake Mama Kioko akianzisha wimbo kwa ile sauti yake ya kwaya. Mimi nilitembea mbele yao wote na lita tano zangu. Zombe haikutajwa tena nyumbani.

Leo najua kwamba maji hushuka kiangazini hata watu wakinong'ona. Lakini najua pia kwamba shimo la kina kile lingemshinda mtu mmoja, na kwamba hakuna mwingine ila Susu aliyefikiria kuchimba. Wengine wote walishughulika na kulaumu tu.

Siku hizi tuna kisima cha pampu na kioski cha maji. Juzi vijana wawili walishikana mashati pale kwa sababu ya zamu, na wazee wa mtaa wakabaki kuangalia. Mimi nilikuwa kwenye foleni na mtungi wangu. Nikakohoa.

Wakaachiana.