Kidole cha Mnadi

Jumanne iliyopita niliamka Musoma, nikafunga mlango wa chumba ninachopanga, nikatoka bila kujua naelekea wapi. Wasomaji wa safu hii mmeshanizoea. Niliacha shule mapema kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na barabara hiyo haijaniachia mpaka leo. Lori tupu la pamba lilikuwa linarudi Bunda, nikapanda. Sokoni Bunda, mama ninayekunywa chai kwake kila nipitapo hakunimiminia. Alinitazama kwanza. "Mura, kumbe huna habari? Mnadi amefariki. Wanamzika leo kwao Butiama." Nikamuuliza mnadi yupi, kana kwamba tunao wengi. "Si yule aliyechomwaga kidole!" akasema. Basi ndivyo atakavyokumbukwa. Amenadi ng'ombe wa mkoa huu tangu ujana wake mpaka mvi, lakini watu wanamkumbuka kwa tone moja la damu.

Nilimfahamu nilipokuwa kibarua wake wa kuswaga ng'ombe, katika ile miaka ya shida ambapo kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na mkononi hakukosa fimbo ya kupigia debe tupu pale bei ilipofika mwisho. Alikuwa na sheria moja: mnadi hakatai bei. "Hata bei ya matusi ni bei," alikuwa akituambia. "Mimi naitangaza, halafu namngoja mwenye heshima zake aipandishe." Nimemwona akitangaza bei ya kumdhalilisha kwa ng'ombe wake mwenyewe, jasho linamtoka, na sauti haitetemeki.

Kisha masharti ya biashara yakaanza kulegezwa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, lakini rafu za zahanati zilibaki tupu na mgonjwa akaanza kuambiwa aje na sindano yake. Kulikuwa na sista mmoja, muuguzi, aliyechoka kuwazika watoto wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaompata mtoto aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Mwenye kasoro ya upande mmoja haumwi. Analima, anazeeka, wala hajui. Sista alitaka hadubini na nauli ya kuzunguka vijijini ili vijana wapimwe kabla ya kuoana. Kanisa likampa ukumbi pale Bunda kwa jioni moja ya mchango, kwaya ikajitolea, na mnadi akaombwa anadi vitu vilivyotolewa na waumini: majogoo, vitenge, mafungu ya sato wakavu, miche ya sabuni. Mimi nilikuwa mbeba majogoo.

Alianza kwa kuwachokoza watu, kama kawaida yake, mimi nikiwa nimemshika jogoo wa kwanza kando yake. "Jamani, ng'ombe mnamkagua mpaka meno! Mnauliza mama yake alikuwaga na maziwa kiasi gani, bibi yake alizaa mara ngapi. Binti yako je? Unamuozesha gizani!" Ukumbi ukacheka. Hapo akasimama mchinja nyama mmoja wa Nyasura, mtani wake wa siku nyingi. "Umesema kweli, mzee. Huyo jogoo namnunua, bei yako naizidisha mara mbili, na wewe nakurudishia ukale na watoto. Sharti ni moja: tuanze kukukagua wewe. Sista akuchome kidole hapa hapa, atwambie!"

Mliowahi kuhudhuria michango yetu mnajua desturi hiyo. Mtu hulipa ili padri acheze au mwenyekiti aimbe, na asiyetaka hujikomboa kwa bei ya juu zaidi, au marafiki humkomboa. Mchinja nyama hakuwa na ubaya, alikuwa anatania tu. Hakujua nilichokijua mimi kwa miguu yangu. Msimu ule ule nilikuwa nimeswaga ng'ombe wa mahari kutoka Suguti hadi zizini kwa mnadi, mahari ya binti yake, na kabla hawajazoea maji ya pale nikawaswaga wale wale kwenda kwa wakwe wa mtoto wake wa kiume. Ng'ombe wa dada walikuwa wamemuoza kaka, kama ilivyo kwetu. Damu ya baba ikionekana na kasoro, watu wa Suguti wangemtilia shaka binti na kudai ng'ombe ambao tayari walikuwa wanalia katika zizi la watu wengine. Na mkwe mtarajiwa, baba wa bwana harusi, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Binti mwenyewe alisimama na kwaya.

"Bei imesikika," mnadi alisema. "Kuna wa kuipandisha? Nikomboeni basi, jamani, mbona mnacheka?" Nao wakazidi kucheka, wakidhani hiyo nayo ni sehemu ya mchezo. Alitaja tena, akangoja. Alivua koti lake akataka kujikomboa nalo, watu wakapiga kelele kwamba koti si bei. Sijapata kuona mtu amebanwa vile mahali palipo wazi. Mlango ulikuwa nyuma yake, hatua chache tu, lakini angeupitia akiwa nani? Alipiga debe, akaenda kwenye meza ya sista, palipokuwa na hadubini ya kuazima kwa jioni ile, akanyoosha kidole.

Majibu yalipokuwa tayari, sista alitaka kumwita pembeni. "Tumelipia!" wakapaza sauti. Sista akatikisa kichwa. Mnadi akamwinamia, akanong'onezwa, akatugeukia. "Ninayo. Siumwi, lakini ninayo." Kisha akamwambia yule wa mstari wa mbele, taratibu kabisa: "Mkwe, njoo na kijana wako mpimwe pia. Hatari ni pale wote wawili wanapokuwa nayo." Mzee wa Suguti alivaa kofia yake. "Sisi tulikuja kuoa, hatukuja kukaguliwa." Akatoka. Ng'ombe wakadaiwa, na mnadi akatoa maksai wake wa kulimia na ng'ombe wake wote wa maziwa ili mke wa mwanawe asirudishwe kwao.

Mimi niliondoka baada ya mavuno, na kote nilikopita nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa. Jumanne hiyo nilifika Butiama kaburi likiwa limeshafukiwa. Binti yake, ambaye sasa ni fundi cherehani pale pale nyumbani kwa baba yake, aliniwekea ugali na akaketi mbele yangu. Nikaanza kumsifu marehemu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kaka, kidole kilikuwa chake, sikatai. Lakini damu ilikuwa yangu pia, na hakuniuliza. Ukumbi mzima ulijua habari zangu kabla yangu."

"Na wewe ulipimwa?"

"Nilipimwa baadaye, peke yangu. Mimi sina. Sikurithi. Nikaenda mwenyewe Suguti na hayo majibu. Wakaniambia damu ya baba ni damu ya baba, hakuna karatasi ya kuiosha." Akanisogezea mboga. "Wamekuja wengine. Wakisikia mimi ni binti wa nani, wanakunywa chai, wanaaga. Kula, inapoa."

Nilimuuliza kama aliwahi kumsamehe. Alisema walikuwa wanakula pamoja kila siku. Nilikuwa sina pa kulala, akanionyesha chumba kilichokuwa na vitambaa vya wateja, akanitandikia jamvi kati ya magauni ya harusi ya watu wengine.

Nililala macho hapo nikiyawaza haya. Tumeingia zama ambazo kila kitu kina mnada, hata huruma tunaichangisha kwa vicheko, na simlaumu sista. Bila jioni ile asingepata hadubini, na wapo watoto wazima leo kwa sababu yake. Lakini kipimo cha damu si jogoo. Ukikubali kuchomwa, unamchoma na mwanao, na dada yako, na mjukuu ambaye hajazaliwa. Basi nendeni mkapimwe, wasomaji wangu, tena msichelewe. Ila waiteni kwanza wale wa damu yenu, mwende pande zote mbili za wachumba pamoja, na majibu myasikie ndani, mlango ukiwa umefungwa. Na atakayewataka myatangaze kwa sababu amelipia, mrudishieni hela yake.